Siklosporini: Dawa Isiyopenda Maji

Katikati ya miaka ya 1970, katika maabara ya mpasuaji Roy Calne mjini Cambridge, daktari kijana kutoka Ugiriki, Alkis Kostakis, alikuwa akipandikiza mioyo ya panya. Dawa aliyopewa aijaribu ilitoka Basel, Uswisi. Ilikuwa unga mweupe, na unga huo ulikataa katakata kuyeyuka kwenye maji. Kostakis alikuwa na mafuta ya zeituni aliyotumiwa na mama yake, mama aliyeingiwa na wasiwasi kwamba chakula cha Waingereza kitamkondesha mwanawe. Akauyeyusha unga kwenye mafuta hayo, akawapa panya, na mioyo ile ikadumu kwa namna ambayo dawa nyingine za wakati ule hazikuwahi kuidumisha.

Dawa hiyo ni siklosporini. Wengi wanaoijua wanaijua kama dawa ya waliopandikizwa figo. Historia yake inaposimuliwa, sifa huenda kwa fangasi anayeitoa na kwa wapasuaji walioitumia mwanzo, na mafuta ya mama wa Kigiriki hutajwa kwa kuchekesha tu, kisha msimulizi akapita. Mimi nasimama hapo kwenye mafuta. Kwa macho ya mfamasia, nusu ya ushindi wa dawa hii, na zaidi ya nusu ya kushindwa kwake, vimetokana na kile kilichoibeba hadi mwilini. Na kwa ukanda wetu, ambako molekuli mpya hufika zikiwa zimechelewa na kwa bei isiyoshikika, suala la kibebaji ndilo tunaloweza kulifanyia kazi wenyewe bila kusubiri mtu.

Twende kwanza Norway. Kampuni ya Sandoz ya Basel ilikuwa na desturi ya kuwaomba wafanyakazi wake wanaokwenda likizo warudi na udongo kwenye mifuko ya plastiki, kwa matumaini ya kupata fangasi wenye kutoa antibiotiki. Mwaka 1969 Hans Peter Frey alirudi na udongo wa uwanda wa juu wa Hardangervidda. Fangasi aliyeoteshwa kutokana na udongo huo leo anaitwa Tolypocladium inflatum. Kama chanzo cha antibiotiki hakuwa na faida kubwa. Lakini Sandoz walikuwa wameanza kukipitisha kila kitu kipya kwenye vipimo vingi tofauti, na mwanzoni mwa 1972 ikaonekana kwamba kitu hiki kinatuliza kinga ya panya bila kuua seli nyingine zinazogawanyika. Jean-François Borel wa Sandoz ndiye aliyepata jina. Bosi wake, Hartmann Stähelin, alidai sehemu kubwa ya ugunduzi ilikuwa yake. Ugomvi huo ulidumu miaka mingi na sitauamua hapa.

Kutuliza kinga bila kuteketeza seli nyingine halikuwa jambo dogo. Azathioprini, iliyotegemewa wakati ule pamoja na steroidi, huzuia seli yoyote inayogawanyika kwa kasi, hata zile za uboho zinazotengeneza damu. Siklosporini huingia ndani ya seli T za kinga, ikashikana na protini iitwayo saiklofilini, na hao wawili kwa pamoja wakakibana kimeng'enya kiitwacho kalsinurini. Kalsinurini ikibanwa, seli T haipati amri ya kutengeneza intaleukini-2, na bila intaleukini-2 askari wa kinga hawazaliani. Kiini cha jambo hili, yaani kalsinurini, kilifahamika mwaka 1991 kwa kazi ya Stuart Schreiber na wenzake pale Harvard. Dawa ilikuwa imeshaidhinishwa Marekani tangu 1983. Kwa miaka minane madaktari waliandika dozi ya kitu ambacho hawakujua kinagusa wapi hasa, na wagonjwa waliishi. Katika tiba hilo si geni.

Molekuli yenyewe ni pete ya asidi amino 11, nyingi kati yake zikiwa zimezibwa mahali ambapo kwa kawaida zingeshikana na maji. Ni kubwa: uzito wake ni kama 1,200, wakati wakemia hupenda dawa ya kumeza isivuke 500. Kwa kanuni hizo haikupaswa kupita ukuta wa utumbo kabisa. Inapita kwa sababu ikikutana na mafuta hujikunja, ikaficha ndani sehemu zake chache zinazopenda maji, ikateleza. Tabia hiyohiyo inayoipenyeza ndiyo inayoifanya ishindwe kuyeyuka tumboni. Aliyeitengeneza dawa hii, awe Mungu au fangasi, hakuwa na mpango wa kumrahisishia kazi mfamasia.

Sandoz waliliona tatizo mapema. Walipowapa watu unga ndani ya kapsuli za kawaida, dawa haikuonekana kwenye damu. Mradi mzima ulikuwa karibu kufa. Borel na wenzake wakaamua kuinywa wao wenyewe, kila mmoja kwa mchanganyiko wake. Cha Borel kilikuwa na spiriti na kitu cha jamii ya sabuni cha kuifanya dawa ichanganyike na maji. Alilewa kidogo, na dawa ikaonekana kwenye damu yake. Leo hakuna kamati ya maadili ingeruhusu jaribio la namna hiyo, na ni vizuri isiruhusu, lakini jibu lake lilikuwa wazi: molekuli haikuwa na kasoro, kasoro ilikuwa kwenye chombo.

Calne akaitumia kwa binadamu. Taarifa yake ya 1978 ilihusu wagonjwa saba waliopandikizwa figo kutoka kwa watu waliofariki. Figo zilidumu, ila dozi zilikuwa kubwa mno, kama miligramu 25 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba dawa inayoilinda figo ndiyo hiyohiyo inayoiumiza. Wengine walipata maambukizi, wengine saratani ya tezi za limfu. Marekani, mpasuaji Thomas Starzl akaichanganya na steroidi. Kadiri muda ulivyokwenda dozi zikashushwa, na jaribio la hospitali nyingi za Ulaya likatoa majibu yake 1983: baada ya mwaka mmoja, asilimia 72 ya figo za waliopewa siklosporini zilikuwa zinafanya kazi, dhidi ya asilimia 52 za waliopewa azathioprini na steroidi. Upandikizaji wa moyo na ini, uliokuwa umekaribia kuachwa katika hospitali nyingi, ukafufuka.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Dawa iliyoingia sokoni kwa jina la Sandimmune ilikuwa mafuta. Mgonjwa aliivuta kwa bomba, akaimimina kwenye glasi, akachanganya na maziwa au juisi ili kupunguza ladha yake mbaya, akakoroga, akanywa palepale, kisha akasuuza glasi na kunywa suuzo. Glasi, si kikombe cha plastiki, kwa sababu dawa inayopenda mafuta hupenda pia plastiki, na sehemu ya dozi ingebaki imeganda kwenye kikombe. Hospitalini shida ilikuwa ileile kwa sura nyingine: sindano yake ilitengenezwa kwa kemikali inayotokana na mafuta ya nyonyo, ambayo iliwaletea wagonjwa wachache mzio wa ghafla unaoweza kuua, na iliyokuwa ikichomoa kemikali kutoka kwenye mifuko laini ya dripu. Ndiyo maana manesi waliambiwa watumie chupa za kioo.

Baada ya kumezwa, mafuta hayo yalitegemea nyongo iyasambaratishe. Mwenye nyongo ya kutosha na aliyekula chakula chenye mafuta alipata dawa nyingi. Mwenye kuhara au aliyetoka kupandikizwa ini na nyongo yake ikawa inatolewa nje kwa mrija, alipata kidogo sana. Kwa wastani mwili ulinyonya asilimia 30 ya dozi, lakini wastani huo ulificha watu wa chini ya asilimia 10 na watu waliokaribia 90. Fikiria maana yake kwa dawa ambayo ikipungua figo inakataliwa, na ikizidi figo inaungua. Katika miaka ya 1980 madaktari walilaumu wagonjwa kwa kutokumeza dawa. Wapo waliokuwa hawamezi, ni kweli. Lakini wengi walimeza, na dawa haikuingia.

Suluhisho lilitoka katikati ya miaka ya 1990 na liliitwa Neoral. Molekuli ilikuwa ileile, hata chembe moja haikubadilishwa. Kilichobadilika ni kwamba mafuta, spiriti na viungo vya kuunganisha vilipimwa kwa namna ambayo, mchanganyiko ukigusa maji ya tumboni, hujigawa wenyewe kuwa matone madogo yasiyofika nanomita 100, bila kungoja nyongo. Anayejua tui la nazi anajua kwamba mafuta na maji yanaweza kukaa pamoja, na anajua pia jinsi tui linavyokatika likipata moto vibaya. Neoral ni tui lisilokatika. Tofauti kati ya mgonjwa na mgonjwa ilipungua sana, na tofauti kati ya leo na kesho kwa mgonjwa yuleyule ikapungua pia.

Hilo lilizaa utafiti mwingine. Zamani kiwango cha dawa kilipimwa asubuhi kabla ya dozi, wakati dawa iko chini kabisa. Watafiti wa Canada wakaonyesha kwamba kwa Neoral, kipimo cha saa mbili baada ya dozi kinaeleza vizuri zaidi dawa iliyonyonywa na mwili. Kwenye karatasi ni jambo zuri. Kwenye kliniki yenye foleni, ambako mtu aliyefika saa kumi na mbili alfajiri anaitwa saa nne, damu ya saa mbili kamili baada ya dozi ni ndoto, na ndiyo maana hospitali nyingi zilibaki na kipimo cha asubuhi. Siwalaumu.

Kisha yakaja matoleo ya kampuni nyingine, ya bei nafuu, na hapa kuna kisa ambacho kila mfamasia wa hospitali angepaswa kukijua. Marekani iliidhinisha siklosporini ya maji iliyoitwa SangCya. Vipimo vilionyesha kuwa inalingana na Neoral. Mwaka 2000 ikaondolewa sokoni kwa sababu ilibainika kwamba ikichanganywa na juisi ya tufaha, kama maelekezo yake yalivyoruhusu, hailingani tena. Juisi ya tufaha! Molekuli ile, dozi ile, mgonjwa yule, na juisi ndiyo iliyoamua.

Sisemi kwamba dawa za bei nafuu ni mbovu. Bila dawa za India wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki waliopandikizwa figo wasingemudu hata miezi sita. Ninachosema ni kwamba kwa dawa hii, kubadilisha chapa bila kupima damu ni kamari. Mgonjwa aliyezoea kapsuli za kampuni moja asipewe za nyingine kwa sababu tu tenda ya mwaka huu imechukuliwa na msambazaji mwingine. Ikibidi, basi apimwe kabla na baada ya wiki moja au mbili, na daktari wake ajulishwe.

Tanzania ilianza kupandikiza figo nyumbani Novemba 2017 pale Muhimbili, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka uliofuata. Habari za upasuaji huandikwa kwa herufi kubwa. Kinachofuata hakiandikwi: dawa kila siku, asubuhi na jioni, kwa maisha yote ya figo ile, na kipimo cha damu cha kuongoza dozi. Siku hizi wengi hupewa takrolimusi, ndugu wa siklosporini aliyetoka kwenye udongo wa Tsukuba nchini Japani, kwa kuwa tafiti kubwa zimeonyesha inazuia figo kukataliwa vizuri zaidi. Takrolimusi nayo ina fundo lake kwetu: Waafrika wengi wamerithi kimeng'enya cha ini kinachoivunja haraka, hivyo dozi iliyoandikwa kwenye vitabu vya Ulaya mara nyingi huwa ndogo kwa mgonjwa wa Mwanza au Eldoret. Siklosporini haiguswi sana na kimeng'enya hicho.

Inaguswa sana na vingine. Rifampisini, nguzo ya matibabu ya kifua kikuu, huamsha ini livunje siklosporini kwa kasi, kiasi kwamba dozi inaweza kulazimika kupandishwa mara mbili hadi tano. Katika nchi zenye kifua kikuu kama zetu, hilo si suala la kitabuni: mgonjwa anaanzishiwa dawa za TB kwenye kituo cha afya cha kata na mtoa huduma asiyejua kwamba ana figo ya kupandikizwa, na ndani ya wiki chache figo inakataliwa. Upande wa pili, juisi ya balungi na dawa za fangasi kama ketokonazoli huzuia uvunjaji huohuo, dawa ikapanda kwenye damu. Watafiti wa Cincinnati, na baadaye Mohamed Sobh na wenzake wa Mansoura, Misri, waliligeuza hilo kuwa mkakati: walimpa mgonjwa ketokonazoli makusudi, na dozi ya siklosporini ikaweza kushushwa kwa takribani robo tatu. Gharama ikashuka nayo. Ni wazo la kijanja lililokomazwa kwenye nchi isiyo tajiri, na limeokoa figo. Mimi nisingelipendekeza leo bila kipimo cha damu cha uhakika, maana ketokonazoli ya kumeza huweza kuharibu ini, hadi Ulaya ikasitisha matumizi yake dhidi ya fangasi mwaka 2013, na siku mgonjwa atakapoikosa dukani siklosporini yake itaporomoka.

Nje ya upandikizaji, dawa hii imejaribiwa karibu kila mahali ambapo kinga ya mwili inamgeukia mwenyewe. Mwaka 1979 wagonjwa waliopewa kwa ajili ya baridi yabisi, ambao walikuwa pia na soriasisi, walishangaa ngozi zao kusafika. Mwaka 1994 kikundi cha Simon Lichtiger cha New York kiliipima kwa njia ya mshipa kwa watu wenye vidonda vikali vya utumbo mpana vilivyokataa steroidi: tisa kati ya 11 waliopewa dawa walipata nafuu, na kati ya tisa waliopewa dawa bandia hakupona hata mmoja. Ni mara chache utafiti mdogo kiasi hicho hutoa jibu lenye sauti kubwa hivyo.

Lakini tazama palipoishinda. Kwa kuwa soriasisi ni ya ngozi, wazo la kwanza lilikuwa kutengeneza dawa ya kupaka. Haikufanya kazi, molekuli ya uzito wa 1,200 haipiti ngozi, hata uipake usiku na mchana. Takrolimusi, yenye uzito wa 800 hivi, ilipenya ngozi yenye pumu ya ngozi na ikawa mafuta yanayouzwa hadi leo. Kwenye mapafu, Aldo Iacono na wenzake wa Pittsburgh walitoa utafiti mwaka 2006 kwa wagonjwa wasiofika 60 waliopandikizwa mapafu: waliovuta siklosporini kama mvuke walikufa wachache zaidi, ingawa kukataliwa kwa ghafla kwa mapafu kulikuwa kwa kiwango kilekile cha wengine. Majibu ya aina hiyo, yanayotoa kitu ambacho hukukitafuta na kukunyima ulichokitafuta, hunitia shaka, na wadhibiti wa dawa wa Marekani nao walitiwa shaka.

Kisa cha moyo kinafundisha zaidi. Mwaka 2008 watafiti wa Ufaransa waliwapa sindano moja ya siklosporini watu 58 waliopata shambulio la moyo, muda mfupi kabla mshipa haujazibuliwa, na sehemu ya moyo iliyokufa ikaonekana kuwa ndogo zaidi. Nadharia ilikuwa nzuri: ndani ya mitokondria kuna saiklofilini nyingine inayofungua tundu la mauti damu inaporudi, na siklosporini huliziba. Jaribio kubwa la wagonjwa 970 likafuata, likatoka 2015, na halikuonyesha faida yoyote. Palepale wakajitokeza waliosema kosa ni la kibebaji, kwa sababu utafiti wa kwanza ulitumia sindano ya zamani na wa pili ulitumia mchanganyiko mpya wa mafuta. Ningependa kuwaunga mkono, kwa kuwa hoja hiyo inaipamba hoja yangu. Lakini mwaka 2016 Waitaliano walitoa majibu ya wagonjwa 410 waliopewa sindano ileile ya zamani, na faida haikuonekana pia. Kibebaji hakiwezi kuokoa wazo lisilofanya kazi.

Jicho ndilo lililoipokea. Na aliyeanza alikuwa daktari wa mifugo. Katika miaka ya 1980 Renee Kaswan wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, alikuwa anatibu mbwa wenye macho makavu, ugonjwa ambao kinga ya mbwa hushambulia tezi zake za machozi. Akawapaka siklosporini, na mbwa wakaanza kutoa machozi tena. Ikachukua hadi mwishoni mwa 2002 Marekani kuidhinisha tone la binadamu, Restasis, lenye asilimia 0.05 ya dawa ndani ya mafuta ya nyonyo yaliyotawanywa kwenye maji. Hati miliki ya molekuli ilikuwa imeshapitwa na wakati. Kampuni ya Allergan, yenye tone hilo, ilikuwa inalinda kwa hati nyingine ule mchanganyiko, kiwango cha dawa na cha mafuta. Mwaka 2017, ikiona washindani wanakaribia, ililihamishia hati hizo kabila la Wamohawk la Saint Regis, jimbo la New York, na kulilipa mamilioni ya dola, ikitumaini kwamba kinga ya kisheria ya makabila ya Wahindi Wekundu itaziokoa. Jaji William Bryson, aliyesikiliza kesi hiyo Texas, alizibatilisha mwaka huohuo. Toleo la bei nafuu liliidhinishwa 2022. Kama mtu bado anadhani kibebaji ni jambo la pembeni, awaulize mawakili waliolipwa kwa kesi hiyo.

Kwetu, ukavu wa macho si kilio kikubwa. Kilio chetu ni mzio wa macho wa watoto, ule mkali unaoitwa kitaalamu venali. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi anamjua mtoto huyu. Anafikicha macho hadi kope zinavimba. Weupe wa jicho umegeuka rangi ya kahawia, na ukimtazama kwa karibu unaona duara la uvimbe kama utelezi kando ya mboni. Mwangaza wa mchana unamchoma, anakaa dawati la nyuma akiwa ameinamisha kichwa, na asubuhi kope zimegandana kwa uchafu wenye nyuzi. Kwa wengi ugonjwa hupungua baada ya balehe, lakini kabla ya hapo kuna miaka saba au minane ya shule. Utafiti wa Stefan De Smedt na wenzake mashuleni nchini Rwanda ulikuta takribani asilimia 4 ya wanafunzi wakiwa nao.

Mzazi anakwenda duka la dawa. Anapewa tone lenye deksamethasoni, mara nyingi likiwa limechanganywa na antibiotiki, kwa bei ya soda mbili tatu. Kwa siku tatu mtoto anakuwa mtu mpya. Chupa ikiisha mwasho unarudi, na mzazi, ambaye ameshaiona dawa ikifanya kazi, anarudi dukani mwenyewe. Mwezi wa pili, wa tatu, mwaka. Steroidi ndani ya jicho hupandisha presha ya macho taratibu, bila maumivu, hadi mshipa wa fahamu wa jicho unakufa, na huleta mtoto wa jicho kabla ya wakati. Ugonjwa wenyewe mara nyingi ungeisha mtoto akiwa bado anaona. Dawa ndiyo inayompofusha.

Hapa ndipo De Smedt na wenzake walipofanya kazi ambayo naiona kuwa miongoni mwa tafiti zenye manufaa zaidi kwa ukanda wetu juu ya dawa hii. Waliwagawa wagonjwa zaidi ya 300 nchini Rwanda kwa bahati nasibu, bila mgonjwa wala daktari kujua nani anapewa nini: wengine deksamethasoni ya asilimia 0.1, wengine siklosporini ya asilimia 2 iliyoyeyushwa kwenye mafuta ya zeituni. Majibu, yaliyotoka 2012 kwenye jarida la macho la Uingereza, yalionyesha kwamba zote mbili zilitibu kwa kiwango kinacholingana. Siklosporini ilichoma macho zaidi inapodondoshwa. Hilo si dogo kwa mtoto wa miaka sita, na mama anayelazimika kumshika kichwa mara nne kwa siku ana haki ya kulalamika. Lakini siklosporini haipandishi presha ya macho.

Mafuta ya zeituni, yaleyale ya Kostakis. Ulaya imeshapata tone la kisasa la ugonjwa huu, Verkazia, lililoidhinishwa huko 2018 na Marekani 2021, ambalo matone yake ya mafuta yamepewa chaji chanya ili yang'ang'anie uso wa jicho wenye chaji hasi. Ni ufundi mzuri mno. Bei yake siyo ya mzazi wa Singida, na sioni ikiwa hivyo karibuni. Tone la mafuta linaweza kutengenezwa na famasia ya hospitali ya rufaa yenye chumba safi cha kuchanganyia dawa, kichujio cha kuondoa vijidudu, na mtu anayejua kuandika tarehe ya mwisho ya matumizi bila kubahatisha. Vifaa hivyo baadhi ya hospitali zetu kubwa zinavyo kwa ajili ya dawa za saratani. Kinachokosekana ni mtu wa kuidhinisha fomula moja ya nchi nzima, kuipima ubora wake kila toleo, na kuipeleka kwenye kliniki za macho za mikoa. Pia bado hatujafanya jaribio la kulinganisha vibebaji vyetu wenyewe. Mafuta ya zeituni tunayaagiza, ya nyonyo tunayalima. Yapi yanachoma kidogo, yapi yanadumu miezi mingapi kwenye joto la Dodoma bila friji? Ni utafiti wa shahada ya uzamili, hauhitaji mabilioni, na majibu yake yangetumika mwaka huohuo.

Waziri wa afya na vyuo vya famasia wanaweza kulichukua hilo. Mzazi asiwangoje. Kama mwanao amekuwa akidondoshewa tone la mzio wa macho kwa zaidi ya wiki mbili, soma kikaratasi kilichomo ndani ya boksi. Ukikuta deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, usilikatishe ghafla wala usinunue chupa nyingine, mpeleke kliniki ya macho na uombe apimwe presha ya macho. Kipimo hicho huchukua dakika chache.